Benchi la Zahanati

Aliyesoma chuo hapa Tanzania miaka ya 1980 hahitaji kuelezwa mwasho wa klorokwini. Unameza vidonge vinne mchana, jua likizama viganja na nyayo vinaanza kuwaka kama umekanyaga upupu, na usiku kucha unajikuna kwa kitana, kwa rula, kwa pembe ya kitanda cha chuma. Wapo waliovua mashati wakalala sakafuni ili saruji iwapoze. Sista wa zahanati alitoa piritoni pamoja na klorokwini, lakini mwasho ule haukuijua piritoni. Ulichopata ni kujikuna huku unasinzia. Kesho yake mhadhiri angeweza kuwahesabu wenye malaria kwa kuangalia tu nani anasugua mgongo kwenye egemeo la kiti.

Tukikutana siku hizi, misibani au kwenye harusi za watoto, soga huanzia kwenye presha na sukari zetu, zikaishia zahanati ya chuo. Kila mtu anaisifu. "Siku zile ukiumwa unatibiwa bure, tena unafuatwa mpaka chumbani." Ni kweli tupu. Mimi nilitibiwa pale kuanzia 1987 hadi 1990 na sina deni na mtu. Lakini tangu binti wa dada yangu aanze masomo katika chuo hichohicho, nimejikuta nikisifu kwa sauti ya chini kidogo kuliko wenzangu. Jina la chuo naliacha. Waliosoma pale watakitambua kwa benchi.

Zahanati ilikuwa nyumba ya vyumba vinne nyuma ya bwalo, kiasi kwamba harufu ya dettol na ya kabichi ilikuwa moja. Mbele palikuwa na baraza, na barazani benchi moja refu la mninga, limeng'aa kwa kukaliwa. Hapakuwa na namba. Ulikaa mwisho wa benchi, ukawa unasogea kadiri waliotangulia walivyoingia. Na kwa kuwa mlango wa chumba cha tabibu ulikuwa pazia, ukifika zamu yako umekwishasikia mkojo wa nani unachoma na tumbo la nani limefunga siku ngapi.

Tuliyemwita Daktari kwa vyeti alikuwa tabibu tu. Daktari mwenye shahada alikuja mara mbili kwa juma kutoka hospitali ya mkoa, gari likiwa na mafuta. Kazi ya kila siku waliifanya tabibu na Sista. Huyu alikuwa mama mrefu, gauni jeupe, mkanda kiunoni, saa imening'inia kifuani kichwa chini miguu juu. Alikaa nyumba za watumishi, wanawe wakicheza mpira na sisi, na Jumapili aliimba sauti ya pili kwenye kwaya. Fomu zile za uchunguzi wa afya ambazo kila mwanafunzi mpya huzijaza hospitali ya wilaya kwao, za macho, mkojo, choo na picha ya kifua, yeye alizisoma. Nilipokwenda mara ya kwanza na kikohozi, kabla sijakaa akaniambia, "Wewe ndiye mwenye pumu ya utotoni." Sikumbuki mtu mwingine yeyote maofisini aliyewahi kusoma fomu niliyoijaza.

Dawa ya kikohozi ilikuwa kwenye dumu, na wewe ulikuja na chupa yako. Chupa tulizokuwa nazo wengi wetu zilikuwa za Konyagi. Sista aliinusa chupa kwanza, akamtazama mwenye chupa, akauliza, "Kikohozi kimetoka humu, na dawa nayo irudi humu?" Kisha akaisuuza kwa maji ya moto yaleyale yaliyokuwa yanachemsha mabomba ya sindano ya kioo juu ya jiko la mafuta ya taa. Vidonge havikuwa na vifuko. Mhudumu alikunja vibahasha kutokana na karatasi za majibu ya mitihani iliyopita. Mwenzetu mmoja alipewa aspirini ndani ya karatasi yenye wino mwekundu, 34 kwa 100, akasahau kichwa kinachomuuma, akazunguka bweni zima akitafuta mwandiko ule ni wa nani.

Halafu kulikuwa na cheti cha mlo. Hiki vijana wa leo hawakiamini nikiwahadithia. Tabibu akiona mgonjwa amedhoofu, aliandika kwenye kipande cha karatasi: maziwa, yai, uji wa mchele, siku tatu. Ukakipeleka dirishani bwaloni na mpishi akakitii, maana bwalo lilikuwa la chuo na chuo kilikuwa cha serikali. Sisi wengine tukiwa na ugali na maharage yenye wageni ndani, mwenye cheti anamenya yai taratibu, mezani kwake peke yake, kama balozi. Wapo walioumwa kwa ajili ya yai tu.

Na wapo walioumwa kwa ajili ya mtihani. Karatasi ya kupumzishwa tuliiita ED, jina tulilotoka nalo JKT, na wiki ya majaribio benchi lilijaa mpaka watu wakakaa chini. Maabara ilikuwa darubini moja iliyotazama dirishani kufuata mwanga. Unatobolewa kidole, damu inapakwa kwenye kioo, unasubiri, jibu linakuja kwa hesabu: wadudu wawili, wadudu watano. Mwenye watano alitembea kifua mbele. Asiyekuwa na hata mmoja, tabibu alimpa aspirini mbili na neno moja: "Kasome."

Lakini linalosifiwa kuliko yote ni tochi. Ukikosekana bwaloni siku mbili, mwangalizi wa bweni alimwambia Sista, na jioni ile, baada ya chakula, ungeona mwanga unapanda ngazi. Anabisha, anaingia, kipimajoto kwapani, mkono kwenye paji. Alimjua kila mtu chumba chake na kitanda chake, cha juu au cha chini.

Hakuna aliyelipa senti. Ada, chakula, godoro, waranti ya treni ya kwenda likizo, vyote vilikuwa vya serikali. Tena hata mwenye pesa asingekuwa na pa kuipeleka. Sheria ya 1977 ilikuwa imezuia matibabu ya binafsi ya kutafuta faida, kwa hiyo nje ya geti hapakuwa na kliniki. Palikuwa na zahanati yetu, na kama ugonjwa umeishinda, hospitali ya mkoa kwa gari la chuo. Mlango ulikuwa mmoja, na wenye mlango walikujua.

Rafiki yangu wa chumbani alitoka Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa huko mwaka 1983, na miaka mitano baadaye mtu kusema kwao ni Bukoba ilitosha kejeli kuanza. Milango ya vyoo ilijaa ule mzaha wa herufi za AIDS, Acha Iniue Dogodogo Siachi, naye aliucheka kama sisi. Alikuwa na kicheko cha kuinamia mbele.

Mapema 1989 akapata mkanda wa jeshi. Niliuona akibadili shati dirishani: malengelenge yametoka mgongoni, yamepita chini ya kwapa, yakakomea chini ya chuchu, upande mmoja tu. Aliniambia ni klorokwini, amejikuna vibaya. Hakwenda zahanati. Kwenda ilikuwa ni kukaa kwenye benchi lile, kusogea taratibu, kisha kuinua shati nyuma ya pazia na watu kumi wanasikiliza. Alikwenda sokoni, kwa mzee mmoja aliyeuza dawa juu ya gunia pamoja na betri na nyembe, akanunua rangi mbili. Usiku alikaa ukingoni mwa kitanda, akafungua kila kidonge kwa kucha, nusu nyekundu huku na nusu nyeusi kule, akanyunyiza unga kwenye malengelenge kwa kioo kidogo cha kunyolea. Mgongoni asikofika nilimnyunyizia mimi. Hatukuzungumza kuhusu chochote isipokuwa Simba na Yanga.

Tochi ilikuja, kama kawaida yake. Joto lilikuwa la Februari na mwenzangu amejifunika shuka mpaka kidevuni. Sista akamgusa paji, akamwangalia muda, kisha akaniambia, "Mwanangu, nenda kaniletee maji ya kunawa." Bomba lilikuwa chini. Niliporudi alikuwa keshaondoka. Waliyoongea sikuyajua na sikuyauliza. Kesho yake yule rafiki akaletewa cheti cha mlo, si cha siku tatu. Cha wiki mbili.

Sina shaka Sista alimtakia mema. Dawa ya ugonjwa ule haikuwapo nchini, wala kipimo hakikuwapo mkoani kwetu, na maziwa na mayai ndicho kitu pekee alichokuwa na uwezo wa kumwandikia. Lakini cheti kilisomwa na mpishi, akakisoma na aliyekuwa nyuma yake foleni. Wiki mbili za yai, mtu wa Kagera, tena amekonda. Kufikia Ijumaa meza yake ilikuwa yake peke yake kwelikweli, na kikombe chake cha plastiki kikatiwa alama ya wembe na mtu ambaye hatukumjua. Mwezi wa nne redio ikatangaza kwamba mwanamuziki Philly Lutaaya wa Uganda amesema hadharani kuwa ana UKIMWI. Rafiki yangu aliisikiliza habari ile redio imekaa sikioni, sauti chini. Mwezi wa tano akaenda kwao "kupumzika". Lutaaya alikufa Desemba mwaka huohuo. Huyu wetu alimtangulia. Kaka yake aliandika barua kuomba sanduku la marehemu, barua isiyotaja ugonjwa, na tukalipeleka stesheni likaenda Mwanza kwa treni na Bukoba kwa meli ya MV Victoria.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo kwenye harusi za watoto hatuifikii.

Wasichana walikuwa na yao. Siku ya uzazi wa mpango ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi kulikuwa na wanaume waliopita barazani bila shughuli, kutazama tu nani amekaa. Jioni majina yalikuwa ukutani, na michoro. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, ukuta huo walikuwa wameupa jina, Punch, na Februari 1990 mwanafunzi Levina Mukasa alijiua baada ya kunyanyaswa na wanaume waliojificha nyuma ya jina hilo. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, ambacho hakikuwa kimetimiza hata miaka mitatu, kilipiga kelele nchi ikasikia. Kwetu tuliijadili habari hiyo siku kadhaa na kila mtu akauliza kwa nini hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Zahanati zetu zilijua kutibu kile ambacho mtu anaweza kukisema akiwa amekaa katikati ya wenzake. Malaria, kikohozi, jino, goti la mpira. Kwa hayo zilikuwa nzuri ajabu, na ndiyo maana wanaozisifu zaidi ni sisi tuliokuwa na malaria.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mwaka 1991 matibabu binafsi yakaruhusiwa tena. Mwaka 1992 likaja neno uchangiaji kwa vyuo, 1993 kwa hospitali. Mabwalo yakakodishwa kwa mama lishe na wafanyabiashara, na cheti cha mlo kikafa bila tangazo, maana mfanyabiashara hatii kipande cha karatasi kisicho na pesa. Bima ya afya ya taifa ikaanza 2001 kwa watumishi wa serikali, kisha ikafikia wanafunzi. Mwaka huohuo wa 2001 klorokwini ikaondolewa kwenye orodha kwa kuwa vimelea walikwishaizoea, ikaja SP, nayo ikachoka upesi, na mwishoni mwa 2006 ikawa zamu ya dawa mseto: vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu, wala huwashwi popote. Hapa sina majuto yoyote. Mtu asinililie klorokwini. Dawa za kufubaza virusi nazo zilianza kutolewa bure 2004, miaka kumi na tano baada ya sanduku lile kupanda treni.

Mpwa wangu alianza masomo 2022. Nilikwenda kumwona muhula wa pili na, kama wafanyavyo wazee, nikaomba nipelekwe kwanza mahali nilipougua. Nyumba ya vyumba vinne ni stoo ya viti vibovu. Kituo cha afya kipya ni ghorofa moja, vigae vyeupe, viti vya chuma vya matundu vilivyounganishwa, televisheni juu ukutani inayoonyesha tamthilia ya Kituruki. Kipaza sauti kinaita namba na dirisha. Milango ni milango, ya mbao, inafungwa. Nilisimama mbele ya mmoja nikausukuma kidogo nione unavyojifunga, mpaka mlinzi akaniuliza, "Mzee, umepotea?"

Bima ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na ililipwa na mzazi au, kama nyumbani kwa dada yangu, na mjomba. Ukipewa namba ya malipo ulilipia kwenye simu, dakika mbili. Kadi ndiyo iliyosafiri kwa mguu. Muhula wake wa kwanza, mpwa wangu alikaa wiki nyingi amelipa na hana kadi. Akapata homa. Dirisha la usajili likamwambia hayumo kwenye mfumo; akaonyesha risiti, akaambiwa risiti si uanachama; akaomba alipe taslimu, mtandao ukawa chini. Alinisimulia bila hasira, kama mtu anayesimulia mvua. Mwisho alipimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka, tone la damu na dakika kumi na tano, hana. Wakampa dawa ya UTI.

"Kwani ulikuwa unaumwa hapo?"

"Sikuwa naumwa hapo, mjomba. Lakini kama si malaria, ni UTI. Chuo kizima kina UTI."

Nilicheka, maana kwetu chuo kizima kilikuwa na malaria kwa mtindo uleule. Lakini nilipomdadisi anakula nini, kicheko kilikauka. Bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, ilikuwa shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi, ilipandishwa 2022 kutoka 8,500, na yeye chumba tu kilichukua karibu nusu. Asubuhi chai ya rangi, mchana anaruka, saa tatu usiku chipsi mayai. Rafiki zake watatu wanameza dawa za vidonda vya tumbo. Watu wa bima wamewalipia vipimo vya tumbo vya gharama ambayo ingewalisha mayai mwaka mzima, na hapo ndipo nilipomsimulia cheti cha mlo. Akaniuliza kama natunga.

Machi 2024 hospitali binafsi nyingi zilipogoma kupokea wenye bima ya taifa kwa sababu ya kitita kipya cha bei, wanafunzi waligundua kadi ina mipaka ambayo haikuandikwa juu yake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilikuwa imepita bungeni miezi minne tu kabla. Siwezi kusema wanafunzi waliteseka kuliko wengine. Vijana hawakawii kujua njia: duka la dawa nje ya geti liko wazi mpaka saa sita usiku, na pale hakuna benchi. Binti anataja P2 kwa sauti ya kawaida, anapewa, anaondoka. Kijana ananunua kipimo cha virusi cha kujipima mwenyewe, anakwenda kujipima kwake. Hakuna mwanakwaya anayemjua, hakuna ukuta wa kuandikwa jina. Nawaangalia nasema kimoyomoyo, heri yenu.

Ila nilipomuuliza, "Sasa ukilala unaumwa, nani anajua?" alinitazama kama hajaelewa swali.

"Mjomba, mimi nakaa geto."

Vitanda vya chuo havitoshi hata robo ya wanafunzi. Wamepanga mitaani, vyumba vya mstari nyuma ya nyumba za watu, geti la bati, kila mlango kufuli lake. Hakuna mwangalizi wa bweni kwa kuwa hakuna bweni. Nikamweleza habari za Sista na tochi, nikitazamia aone wivu.

"Mtu akija kwetu usiku na tochi tunapiga kelele za mwizi," akasema.

Ana haki. Lakini palepale, bila mimi kumchokonoa, akanisimulia habari ya binti wa chumba cha tatu kutoka chake. Huyu alikuwa mwaka wa pili, mpole, hodari wa hesabu. Wiki tatu hakuonekana darasani. Kiongozi wa darasa aliulizwa kwenye kundi la WhatsApp, akajibu hana tatizo, jana tu ameweka status. Na kweli aliweka: picha za maua, aya, mioyo. Wote wakatulia. Mpwa wangu alikuwa akipita mlangoni pake kwenda bafuni kila siku, anaona taa inawaka, anaona ndala nje, anajua yupo.

Kilichomfanya abishe ni ndoo. Ilikuwa zamu ya yule binti kuteka maji ya choo na ndoo ilikaa kavu siku mbili, na watu wa geto wanasamehe mengi lakini si hilo. Akagonga kwa hasira. Mlango ulipofunguliwa alikuta mapazia yamefungwa mchana, sufuria ya uji imeota ukungu, simu iko kwenye chaji. Alimuuliza anaumwa nini. Yule akajibu, "Siumwi. Sijisikii vibaya. Sijisikii tu."

Walikwenda pamoja kituo cha afya. Kadi ilisoma, mfumo ukamtambua, namba ikaitwa. Daktari kijana akampima malaria, kwa sababu huanzia hapo, kisha akafanya jambo ambalo tabibu wetu asingejua kulifanya: aliweka kalamu chini akamuuliza amelala saa ngapi jana. Akampeleka kwa mnasihi. Chumba cha unasihi kipo mwisho wa korido, kinatazamana na viti vya kusubiria, na mlangoni kuna kibao kikubwa kinachosomeka kutoka kwenye televisheni. Mpwa wangu alimkalisha rafiki yake akiangalia upande wa pili, akamziba yeye kwa mwili wake. Nilipolisikia hilo nilijua benchi halijaondoka, limebadilishwa mbao.

Mnasihi alikuwa mtu mzuri. Alikaa naye saa nzima mlango umefungwa. Lakini ni mmoja kwa chuo chote, na miadi ya pili ikawa baada ya majuma mawili. Katikati yake aliyekuwa akigonga mlango ule ni mpwa wangu, asubuhi akienda bafuni na usiku akirudi, bila mshahara na bila kipimajoto. Alinunua mayai, akachemsha mawili kila jioni. Sikumwambia afanye hivyo. Kwa hesabu zangu ndiyo sababu alikuwa anaishiwa bumu mapema mwaka ule, na mimi nikimlaumu kwa simu kuwa anachezea pesa.

Yule binti aliahirisha mwaka. Ipo fomu ya hilo siku hizi, na ipo sehemu ya sababu za kiafya, na haiulizi ugonjwa gani. Inataka mhuri wa daktari tu, kisha Mshauri wa Wanafunzi anasaini. Niliomba nionyeshwe nakala nikaisoma yote, mbele na nyuma. Mwaka 1989 mtu alikwenda kupumzika na kitanda chake kikapewa mwingine kabla ya likizo kwisha. Huyu alikwenda kwao Singida, akakaa na mama yake, akawa anahudhuria kliniki ya hospitali ya mkoa, na Oktoba akarudi kuanza mwaka wa pili upya. Mpwa wangu alimpokea stendi, wakabeba begi kwa zamu. Jumatatu walikwenda pamoja kituo cha afya kuomba miadi ya mnasihi, wakapanga foleni tangu asubuhi, na dirishani wakaambiwa kadi imekwisha muda, walipie kwanza.